Vyungu vya Genowefa

Asubuhi ya mwisho waliyoamka wote wawili, yeye na mumewe, Genowefa alikuwa bustanini chai haijachemka, akiondoa mashuka makuukuu aliyofunikia maua yasiungue na jalidi, umande ulioganda kwa baridi. Mmea utambaao kwenye uzio ulikuwa umegeuka mwekundu kama damu, na majani yake yakipukutikia upande wa pili, kwa wifi yake Stefania.

"Wifi! Takataka zako hizi!"

"Si takataka, ni mapambo. Kwako hakuna chekundu ila pua yako."

Zenon, mumewe, alicheka dirishani. Dada yake alimsikia.

Genowefa alikuwa hivyo. Alitoka nyumba isiyo na kitu, akaolewa na mtu asiyejua kusoma, akapata kipande cha ardhi chini ya dirisha. Maua ya machipuko aliwaachia wengine. Hayo, alisema, hata mbuzi huotesha. Yeye alitaka yanayochanua wakati kila kitu kinakufa. Dalia. Asta. Krisanthemu alizilea vyunguni tangu kiangazi, zifunguke sawia na Siku ya Watakatifu, makaburi yanapowashwa taa. Maua hayo ni ya marehemu. Huyapeleki kwa mgonjwa, na ndani ya nyumba hayaingii.

Mchana ule baridi ikashuka ghafla. Akaviingiza vyungu vyote jikoni.

Stefania akachungulia. "Unakaribisha kifo, wewe!"

"Kikija kitakunywa chai."

Kabla ya jua kuzama, Genowefa aliinama kumenya viazi, asiinuke tena. Moyo, alisema daktari. Vyungu, alisema Stefania, na kanisa zima likasikia.

Baada ya mazishi alikuja, akanyakua chungu cha kwanza.

"Vimemuua. Natupa."

"Weka chini," alisema Zenon.

"Mimi dada yako wa damu!"

"Weka chini, damu isije ikanitoka akilini."

Siku ya Watakatifu, Zenon alisukuma toroli hadi makaburini. Stefania alikuwa amekwishatangulia na shada kubwa jeupe la dukani, amelilaza juu ya Genowefa, anapokea pongezi. Zenon akaliinua, akamrudishia mikononi. Akapanga vyungu vitatu hapo. Vilivyobaki akavipeleka hatua chache mbele, kwenye kaburi la mama yao, yeye na Stefania.

"Unaniaibisha mbele za watu! Tena unampa mama maua ya mkosi?"

"Ni yake tangu mwanzo."

"Mkeo alijua mwiko. Akaukanyaga kwa kiburi tu. Nani alimtuma?"

Zenon hakuwa mtu wa maneno, na siku ile hakutumia yake. Alimtolea ya Genowefa, kama alivyoyasema mchana ule wa baridi, akipangusa udongo wa vyungu mezani:

"Hivi ni vya mama yenu. Vikiungua na baridi, Stefania atampelekea nini, ufagio?"