Mwenye Wana Mdomoni

Mbuke aliachwa akiwa na Coletha mgongoni na Melania tumboni. Kosa lake halijatajwa mpaka leo. Mwanamume alitaka mke mwingine, basi. Mbuke alitoka na jembe moja, akafika bwawani karibu na Songwa, akajifunza kusuka migono, ile mitego ya samaki ya fito. Samaki ndio waliomlelea mabinti wake.

Mwaka 1986 kijiji kikataka kuipiga marufuku migono. Samaki wanakwisha, walisema wenye nyavu, na mumewe wa zamani, sasa naye mwenye nyavu, akiwa mbele yao. Bwana Samaki, yaani afisa wa uvuvi, kijana mpole aitwaye Pantaleo, alikuwa ametoka masomoni Dar es Salaam na bunda la karatasi za kompyuta. Akaeleza kwamba ndani ya mashine amelitengeneza bwawa lao kwa hesabu, akatia sato mmoja mmoja: kila mstari samaki wake, kazaliwa lini, kala nini, kafaje. Mashine ilisema migono italimaliza bwawa kwa miaka sita.

Watu waliwacheka samaki wa karatasi. Mbuke hakucheka. Kwao ng'ombe hawahesabiwi, wanajulikana mmoja mmoja. Akaona kijana huyu ana akili ya mchungaji. Kusoma hajui, ila aliweka kidole kwenye mstari.

"Huyu kafaje?"

"Aliingia mgononi mwako, mama."

"Alikuwa na wana mdomoni?"

Pantaleo akapekua karatasi; hilo halikuwamo. Mbuke akampeleka majini, akavuta mgono, akamshika sato jike na kumfungua kinywa kwa kidole gumba. Vifaranga vilijaa mle, vidogo kama ulezi, vyenye macho. Akamrudisha majini taratibu. Wavu huua kabla hujamtazama samaki usoni. Mgono humweka hai.

"Mwenye wana mdomoni simli," alisema. "Mimi nilifukuzwa hivyo hivyo."

"Mbona hukusema siku zote?"

"Nani aliniuliza, baba?"

Pantaleo akarudi Dar es Salaam. Safari hii kila sato wa kwenye mashine, kabla ya kufa mgononi, alikaguliwa kinywa kwanza. Baada ya masika alikuja na karatasi mpya, akaisomea halmashauri: kwa migono ya Mbuke bwawa halitamalizika, kwa nyavu litamalizika. Migono ikabaki, nyavu za macho madogo zikatolewa majini.

Mbuke alimwomba amtafutie katika karatasi zile mmoja aliyerudishwa majini. Pantaleo akapekua, akasoma: huyu aliishi miaka minne, akazaa mara saba. Mama wa watu akatabasamu, akaingia jikoni kumsongea ugali wa mtama.

Sato aliyempikia siku hiyo alikuwa dume.