Ng'ombe wa Mzee Marwa Kwenye Kompyuta

Siku yangu ya kwanza kazini, pale Mugumu wilayani Serengeti, Mkuu wa Kitengo cha TEHAMA hakunionyesha hata kompyuta moja. Alinionyesha kiti, akasema: "Binti, hapa kuna maneno yamepigwa marufuku. Usimwambie mtu mzima 'hii ni rahisi.' Akishindwa, utakuwa umemwita mjinga." Nilikuwa nimetoka Iringa na stashahada yangu na kiburi cha kutosha, nikaona ananipotezea muda. Leo nimestaafu, na ninyi mnaoanza kazi hii nawarithisha onyo lake kabla ya kitu kingine chochote.

Baada ya Mugumu nilihamishiwa Tarime, ambako kila fundi alikuwa na shemeji Sirari, kule mpakani, wa kumletea vipuri, kisha nikarudishwa Serengeti. Tulivuta nyaya za mtandao na kupuliza vumbi kwenye mashine mpaka pua zikaziba. Lakini kazi ninayojivunia niliifanya Nyansurura, kwa Mzee Marwa.

Mzee Marwa alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha wafugaji kilichosimamia josho la kuogeshea ng'ombe. Kikundi kilipopewa kompyuta mpakato ya kutunzia kumbukumbu za mifugo, Afisa Mifugo alitamka mbele ya wanachama: "Mwenyekiti ndiye atakayefungua kumbukumbu hizi mkutanoni. Asipoweza, mchague anayeweza." Vijana wakatazamana. Mzee alikuwa wa kwanza kubeba mawe ya kujengea josho lile, na sasa angenyang'anywa kiti kwa sababu ya mausi, kile kidude unachokisogeza mezani ili mshale uende kwenye kioo. Iliniuma.

Nilipokwenda kumfundisha, nilimkuta amekaa wima mbele ya kompyuta, jasho linamtoka. Alibofya mara moja, akaondoa mkono, akasubiri. Kimya. Akabofya tena, akasubiri.

"Mzee, bofya mara mbili, upesi upesi."

"Mwanangu, mimi nikifika kwa mtu napiga hodi, nasubiri. Hiyo ya upesi upesi ni ya polisi."

Nilicheka mpaka machozi. Kisha nikaingia kwenye mipangilio, yaani mahali pa kuiamuru mashine tabia zake, nikaiagiza ifungue kwa kubofya mara moja. Nikapunguza mwendo wa mshale, nikaunenepesha, nikakuza herufi, nikaondoa kila ikoni asiyoihitaji. Zikabaki folda chache, ile mikoba ya kuhifadhia kumbukumbu, zote za njano.

Mzee akaziangalia, akaguna. "Zizi gani hili, ng'ombe wote rangi moja? Utamjuaje mgonjwa?"

Tukatoka hadi zizini, nikawapiga picha ng'ombe wake, naye akachagua mwenyewe. Yule wa mabakabaka akawa chanjo, mwekundu mwenye pembe iliyovunjika akawa vifo, na ndama mweusi akawa waliozaliwa. Nikaziweka picha hizo badala ya zile folda za njano. Tangu hapo hakukosea.

Siku ya mkutano nilikaa nyuma kama mzazi anayesubiri matokeo ya mtihani. Kijana mmoja aliyekitaka kile kiti akasema kwa sauti, "Leo tutaona." Mzee akashika mausi. Mshale ukatembea polepole hadi kwa ng'ombe wa mabakabaka. Akabofya mara moja, akaondoa mkono, akasubiri. Projekta ikazimwaga kumbukumbu za chanjo ukutani, ukuta mzima! Kina mama wakapiga vigelegele, Afisa Mifugo akasimama kumpa mkono. Mimi nililia bila aibu.

Nimefunga mitambo mingi, na mingi imeshakuwa vyuma chakavu. Kustaafu kunampa mtu nafasi ya kuona kipi kilidumu. Basi mtu akishindwa na mashine, anzeni kwa kuibadilisha mashine. Yeye ana umri wake na desturi zake, na hana kosa.

Mwaka jana nilialikwa kwenye uchaguzi wa kikundi. Mzee Marwa aliinuka kwa fimbo, akatangaza kwamba amechoka na uenyekiti, apewe yule kijana. Kijana akashukuru sana, akanyoosha mikono kuipokea na kompyuta.

Mzee akaivuta kifuani.

"Kiti chukua, mura. Hii bado naitumia."