Mama Njia Anaifunga Njia Yake

Jua ndiyo kwanza linachungulia mashamba ya viazi, na Mama Njia amekwisha kupiga magoti kwenye ukingo wa kisiwa, jembe dogo mkononi, ubavuni ndoo ya miche ya vichaka. Chini yake bahari inagonga udongo mwekundu, na kila wimbi linarudi limebadilika rangi.

Anachimba katikati ya njia. Ni njia ileile ambayo watu walikuwa wakivuka maji kuja kuitembea. Inaanzia gatini, inakatiza mashamba, inazama kwenye msitu wa asili, kisha inatokeza juu ya bahari, mahali ambapo hata wageni wasemaji walikuwa wakinyamaza.

"Nimeifyeka tangu sijaolewa," anasema bila kuinua kichwa. "Leo naiotesha msitu kwa mikono yangu. Mtu akipita atasema mama wa watu kapatwa na wazimu."

Ofisi ya kisiwa ilimwajiri kufyeka nyasi, kufunga malango na kuongoza wageni. Mumewe alipofariki, kibarua hicho ndicho kilichomlea yeye na binti yake. Wageni hawakulijua jina lake. Walimwita Mama Njia, likamganda.

Mvua za mwaka jana ziliumegua ukingo. Kipande kirefu cha njia kilishuka baharini mchana kweupe, bahati tu hakikuwa na mtu. Ofisi ikafunga njia, ikamwambia atafute pengine pa kuipitisha. Kwenye msitu ingebidi kuangusha miti mikongwe, jambo ambalo hata yeye hakulitaka. Likabaki shamba la mdogo wake wa kiume.

Akaenda. Walikaa jikoni, chai mezani.

"Dada, mara ya kwanza uliniomba pa kuisogeza njia, nikakupa," mdogo wake alimwambia. "Mara ya pili nikakupa. Mgeni akaacha lango wazi, ndama wangu wawili wakaporomokea baharini. Nilikufuata kukulaumu?"

"Hukunilaumu."

"Sasa nikikupa tena, bahari itakula na hapo, utarudi. Nisogee mpaka wapi? Mpaka kwenye vitanda vya watoto?"

Mama Njia anasema alikiinua kikombe, akakirudisha mezani. Chai ikamshinda. Akaaga.

Hawajaketi pamoja tangu siku hiyo. Mdogo wake mwenyewe, alipofuatwa shambani na mwandishi wa habari hii, aliendelea kupalilia huku akizungumza. "Simchukii dada yangu. Damu nzito kuliko maji. Ila mimi nachunga kilichobaki, na kilichobaki ni kidogo."

Njia ilipofungwa, Mama Njia aliendelea kuja kwa mazoea, bila mshahara. Mvua iliponyesha akaona kitu ambacho hakuwahi kukiangalia kwa makini: maji yalikuwa yakifuata njia kama mfereji, yakifika ukingoni yanachimba. Penye vichaka udongo ulikuwa umeshika. Palipofyekwa ndipo palipokuwa pakimeguka.

"Walikuwa wakinisifu, eti njia yako safi kama sebule," anasema, akicheka kicheko kisicho na furaha. "Kumbe usafi wenyewe ndio uliokuwa ukiyafungulia maji."

Ndipo akaanza kuchimbua miche msituni na kuipanda juu ya njia, upande wa shamba la mdogo wake. Mingi imeunguzwa na chumvi. Anaing'oa iliyokauka, anapanda mingine palepale.

Binti yake, anayeishi mjini ng'ambo ya maji katika chumba cha kupanga, amekuwa akimpigia simu kumwita. Mama Njia amekubali. Anataka kwanza aifikishe miche kwenye kona ya shamba kabla ya mvua, kisha apande boti.

Mdogo wake hajui miche hiyo ni ya nini. Anadhani dada yake anajipunguzia mawazo tu.

"Nimwambie nini?" anauliza. "Bahari haizuiliki kwa vichaka. Labda itachelewa, watoto wake wakue kidogo kabla ya kuhama. Na wao watahama tu."

Anaukandamiza udongo kuuzunguka mche kwa viganja vyote viwili. Akiulizwa atafanya kazi gani huko mjini, anachukua mche mwingine kwenye ndoo.

"Sijui," anasema. "Huko kila njia ina lami."