Maua ya Tobias Hayanyauki

Kila Januari, chuo cha sanaa alichosomea Tobias Awiti hutoa jarida jembamba, na kurasa zake za mwisho hubeba sehemu iitwayo "Mafanikio na Shughuli za Wahitimu." Majina hupangwa kwa alfabeti, kwa hiyo Tobias huwa wa kwanza. Kwa miaka kumi na minane mfululizo msomaji aliyefungua ukurasa ule alikutana na mstari huu: "Awiti, Tobias: anaendelea na shughuli zake."

Chini ya mstari huo ndipo mafanikio ya wenzake yalipoanza. Kibe ameonyesha vinyago vyake Ujerumani kwa mara ya tatu. Mwelu amechora ukuta wa jengo moja Upper Hill, ghorofa nne nzima, na wakubwa wa kampuni wakapiga picha mbele yake wakiwa wamevaa helmeti za ujenzi ingawa ujenzi ulikuwa umekwisha.

Mhariri wa jarida ni Veronicah, aliyesoma darasa moja na Tobias. Hakuwa na nia mbaya. Tobias hakuwahi kumtumia habari yoyote, naye aliona akimwacha bila neno watu watadhani amekufa. Awuor, mke wa Tobias, alikuwa na desturi ya kuusoma mstari ule kwa sauti kila mwaka huku akipiga nguo pasi. Hakucheka hata mara moja. Heri angecheka.

Shughuli zenyewe zilikuwepo, tena nyingi. Tobias alikuwa akichora marehemu.

Alianza mara tu baada ya kuhitimu, pale mfanyabiashara mmoja wa vitambaa, Mhindi wa Biashara Street, alipomletea picha ya pasipoti ya mamake aliyefariki, akataka ichorwe kubwa kwa rangi ya mafuta. Ilipokwisha, yule bwana akaitundika dukani na kuivisha koja la maua ya rangi ya chungwa, kutoka pembe moja ya juu mpaka nyingine. Maua yakanyauka siku ya tatu. Akanunua mengine, yakanyauka nayo. Mwishowe akamwita Tobias: "Chora maua hapo hapo juu ya picha. Sitaki stori ya kununua kila wiki." Tobias akachora koja likining'inia kana kwamba limefungwa kwenye fremu, na watu wakawa wanaingia dukani kuligusa. Habari zikasambaa Parklands, zikafika Westlands na Loresho: kuna fundi kule Mutuini, maua yake hayanyauki.

Tangu siku hiyo amechora marehemu mia mbili na kumi na mmoja, wengi wao wakiwa na koja, kwenye chumba cha mabati nyuma ya nyumba anayopanga, kando ya zizi la ng'ombe wa jirani. Hakuwa na malalamiko. Marehemu hatikisiki, hakohoi, na hajawahi kumwambia mtu kwamba pua yake imechorwa kubwa.

Mwaka huu chuo kilitimiza miaka hamsini. Kamati ikatangaza maonyesho mjini, kila mhitimu kazi moja, na kanuni ikawekwa: anayeleta sura ya mtu, awe mtu aliye hai na aliyekaa mbele ya mchoraji. Walikuwa wamechoka na picha zilizonakiliwa kutoka kwenye simu.

Tobias aliisoma kanuni ile mara tatu. Tangu mtihani wa mwisho chuoni hakuwa amechora mtu anayepumua. Lakini alitaka kuwa kwenye maonyesho yale, na alitaka mstari wake ubadilike. Alikuwa na umri wa miaka arobaini na minne, na tamaa ile ilimsumbua kama jino.

Mungu si Athumani. Wiki iyo hiyo akapigiwa simu na Hiral wa Loresho, mteja wa zamani. Babake, Mzee Mansukh, angefikisha miaka themanini mwezi wa tisa, na familia ilitaka picha yake. Miaka kumi na mmoja nyuma Tobias ndiye aliyemchora mama yao alipofariki.

"Nitakutumia picha yake kwa WhatsApp," Hiral akasema.

"Hapana, madam. Huyu nataka nimwone mwenyewe, nipate pia picha ya maonyesho ya chuo."

Hiral akasema ni sawa, bora tu Tobias ajue kwamba babake hakai kimya.

Ilikuwa kweli. Mzee Mansukh alikuwa ameuza misumari, rangi na vitasa katika hadiwea yake mjini kwa miaka hamsini, na tangu alipostaafu hakuwa amepata mtu wa kumsikiliza kwa zaidi ya dakika kumi. Sasa alipata mmoja, kila Jumanne na Ijumaa asubuhi, kwenye veranda.

"Wewe fundi, hii mimi nakaa mpaka lini? Mgongo yangu nauma."

"Bado kidogo, mzee."

"Hiyo ndiyo pua yangu?"

"Ndiyo, mzee."

"Kubwa."

"Ni kubwa, mzee."

"Haya. Endelea."

Mzee alijigamba kwamba ukiangusha msumari nyuma yake atakuambia ni wa inchi ngapi. Tobias akaja na misumari minne mfukoni, akaiangusha mmoja mmoja, na mzee akapata yote. Mara nyingine alisinzia, na Tobias alichora kope zake akisubiri aamke. Kazi ilikuwa ngumu. Uso ulibadilika kila dakika, na alichokipata Jumanne kilikuwa kimehama kufikia Ijumaa. Lakini alianza kuzingoja siku hizo mbili, na akajipata amenyoa ndevu kabla ya kwenda.

Kila asubuhi kabla ya kuketi, mzee alipita sebuleni na kumsalimu mkewe ukutani, ndani ya koja ambalo Tobias alimchorea. "Huyo ataning'inia hapo, na mimi hapa kando," alisema, akionyesha nafasi tupu.

Neno hilo ndilo lililoleta balaa. Tobias aliutazama ukuta ule, akaona mke amepambwa na mume atakaa kando yake bila ua hata moja, akahisi kwamba hiyo si heshima. Akaamua kumpa mzee zawadi. Picha ilipokwisha aliibeba hadi Mutuini, na kwa wiki mbili akachora juu yake koja zuri kuliko yote aliyowahi kuchora, ua kwa ua, hata na umande.

Awuor aliingia na chai, akalitazama. "Hayo maua, uliwahi kuuliza maana yake?"

"Miaka kumi na tisa nayachora, niulize leo?"

"Kuuliza si ujinga."

"Ni heshima, Awuor. Wewe hukuona siku ya kuhitimu tulivyovalishwa shingoni maua ya kumetameta, mpaka mjomba akavaa?"

Awuor alikumbuka. Akaacha chai hapo.

Siku ya sherehe rangi ilikuwa bado mbichi, kwa hiyo picha haikuweza kufunikwa. Tobias aliipakata nyuma ya boda boda, Mzee Mansukh wa pichani akiwatazama wapita njia. Pale Kangemi mwanamume mmoja alivua kofia. Mwenye boda alipoegesha getini Loresho akamwambia, "Pole sana, buda. Alikuwa nani wako?"

"Yuko mzima. Anangoja kuimbiwa birthday."

Mwenye boda aliitazama picha tena, akapokea nauli na kuondoka.

Ndani kulikuwa na watu wapatao arobaini, muziki, na keki yenye umbo la kufuli. Hiral alisimamisha picha juu ya meza nyuma ya pazia, bila kuitazama, maana alitaka naye ashangae. Alishangaa. Pazia lilipovutwa, mtu alizima muziki. Shangazi mmoja mkongwe, asiyesikia vizuri, aliunganisha viganja, akainamisha kichwa, akauliza kwa Kigujarati ni lini ilitokea. Alikuwa ameketi bega kwa bega na Mzee Mansukh.

"Tobias!" Hiral akapaza sauti. "Umezika baba yangu na keki haijakatwa!"

Tobias hakuelewa. Aliangalia picha kama kuna kosa kwenye sikio.

Mzee ndiye aliyemweleza, polepole. "Sikiza, fundi. Mtu akivaa maua kwa shingo, yeye ni mgeni ama bwana harusi. Picha ikivaa maua, huyo amekufa."

Tobias akawaza marehemu wake wote, na jinsi alivyodhani kwamba anawapongeza. Aibu ikampanda kutoka miguuni. Akajaribu kueleza habari ya sherehe za kuhitimu, na ya mjomba wake, na kadiri alivyoeleza ndivyo watu walivyozidi kumkodolea macho.

"Hii picha haiendi maonyesho yoyote," Hiral akasema, machozi yakimlengalenga. "Inachomwa leo."

Hapo Tobias aliona mstari wake wa mwaka wa kumi na tisa, umeandikwa tayari.

Lakini mzee alikuwa ameinuka. Alisogea mpaka karibu na picha, akaitazama muda mrefu, kisha akageuka kumtazama mkewe ukutani.

"Sasa tunafanana," akasema. "Lakini bado. Huyo angoje kidogo." Akagonga meza kwa kidole. "Hakuna kuchoma. Fundi, rangi iko mbichi?"

"Mbichi, mzee."

"Basi toa maua. Siku yangu ikifika, kuja rudisha. Hiral, kata keki."

Tobias aliyafuta maua kwa kitambaa na tapentaini kwa siku tatu, mzee akisimamia kama alivyowasimamia wafanyakazi wake. Yakatoka yote isipokuwa wekundu hafifu uliobaki kwenye kola ya shati jeupe, kama mtu aliyekaa karibu na jiko la makaa. Tobias alitaka kuufuta nao. Mzee akamwambia auache, unampa joto.

Kwenye maonyesho, Mzee Mansukh alifika amevaa suti, akaomba kiti, akakaa kando ya picha yake kwa saa tatu. "Kanuni inasema mtu hai," aliwaambia wanakamati. "Mimi ndiyo ushahidi." Walimtazama yeye, wakatazama picha, wakatazama pua, wakaridhika. Watu wengi walisimama pale kuliko kwingine kokote, na baadhi walimwuliza mzee bei za mabati.

Veronicah alikuja na daftari lake. "Haya, Tobias, leo unanipa kitu. Niandike nini?"

Walisaidiana wote watatu. Ukatoka mstari huu: "Awiti, Tobias: amechora picha ya Bwana Mansukh wa Loresho, aliye hai."

"Hiyo 'aliye hai' ni ya lazima?" Veronicah akauliza.

"Lazima," akajibu mzee. "Na nataka moja ya hiyo gazeti. Nataka kusoma mwenyewe."

"Inatoka Januari, mzee."

"Januari iko karibu."

Mwanzoni mwa Desemba, asubuhi ya Ijumaa, Hiral alipiga simu. Hakusalimu. "Tobias, Papa ameenda. Alisema wewe unajua cha kuleta."

Tobias alijua. Baada ya mazishi ya moto alikwenda Loresho na rangi zake, na kwa mara ya kwanza alichora koja mahali pa msiba, sebuleni, mbele ya ukuta ule. Ilimchukua siku nane. Alikuwa amechora maua yale maelfu kwa maelfu bila kuhisi chochote zaidi ya maumivu ya bega, na sasa kila ua lilimshinda. Alilia, na hakujificha. Hiral alimletea chai, akakaa kwenye kiti cha mzee, akalia naye.

Siku ya nane, akiwa amebakisha maua mawili, Veronicah alipiga simu.

"Tobias, pole. Nimesikia habari za mzee wako. Sasa, jarida linaenda kuchapwa saa nane. Ule mstari wako niubadilishe? Niandike marehemu?"

Tobias alikuwa na brashi yenye rangi ya chungwa mkononi. Alimtazama mzee, na kope zake alizozichora akingoja aamke.

"Usibadilishe," akasema.

"Lakini si kweli tena."

"Alipokaa mbele yangu ilikuwa kweli. Uache hivyo hivyo."

Jarida lilitoka Januari. Tobias alipewa nakala mbili. Moja aliipeleka Mutuini, na Awuor akausoma mstari kwa sauti huku akipiga pasi, akaurudia, kisha akazima pasi. Ya pili aliipeleka Loresho. Alitaka kuiacha tu mezani, lakini mzee alikuwa amesema anataka kusoma mwenyewe. Basi Tobias akavuta kiti mpaka chini ya picha mbili zile, akafungua ukurasa, akamsomea. Alianza na jina lake, akafika "aliye hai," akanyamaza kidogo ili mzee apate nafasi ya kusema neno. Kisha akamsomea na ya Kibe.