Maspika Madogo ya Rafuni

Chumba changu cha kusikilizia muziki, pale Rahaleo, ni hatua nne kwa tatu. Dukani muuzaji alinisukumia maspika yanayonifika kifuani, nikayakataa yote. Nilitaka mawili madogo ya kukaa kwenye rafu, yanipe sauti safi ya udi wa taarabu na, zaidi ya yote, yasiazimike. Mtaani kwetu ukiwa na maspika makubwa, yanaitwa kwenye kila shughuli, na ukimnyima jirani, nani atakuja kukuzika?

Wiki ileile mama wa nyumba ya pili akaja kuazima; binti yake alikuwa atolewe unyagoni Jumamosi. Akayatazama maspika yangu, akanitazama mimi, akasema taratibu, "Pole, baba." Nikafurahi kimoyomoyo kama mjinga.

Jumamosi asubuhi ndiyo kwanza nimekaa nisikilize, ukuta ukaanza kutetemeka. Nikatoka mbio. Maspika ya kukodi, marefu kunizidi, yalikuwa yamepangwa uani kwao, yote yameelekezwa dirishani kwangu.

"Tumekugeuzia wewe, baba!" mama yule akapaza sauti, anacheka kwa furaha. "Na wewe usikie muziki!"

Nikafungua mdomo nigombe. Nikasema ahsante, maana sahani ya pilau aliyonipa ilikuwa tayari mkononi mwangu.