Jogoo Aliyenifundisha Gita

Siku ya kwanza kazini nilichelewa. Gita lilikuwa la kanisa, shati la kaka, vya kwangu vilikuwa vidole tu. Hapo ni Igamba, Jumapili ya mavuno, mwaka niliomaliza darasa la saba. Nyie wadogo zangu mnaoniuliza kila siku hii kazi ya gita la rock niliifanyaje, kaeni vizuri. Najua wastaafu huwa na mvi. Mimi nina miaka thelathini na mbili na ndevu nne, lakini kustaafu nimestaafu, mtaona.

Jumapili ya mavuno kila mtu analeta alichovuna: mahindi, maharage, kahawa, kuku wamefungwa miguu. Mbele pakajaa mpaka spika ya gita ikalazwa chali, na mtu akamfunga jogoo wake pembeni yake. Spika ile haikuwa na kitambaa. Ile karatasi ya duara inayotetemeka ndani, ndiyo inayotoa sauti, ilikuwa wazi, na gunia bovu lilishamwaga punje za mahindi juu yake. Kwaya ikaanza, nikapiga gita, punje zikaruka kama zina uhai. Jogoo akaziona. Ta! Ta! Ta!

Karatasi ikachanika. Gita lililokuwa linalia kama mtoto mwenye adabu likaanza kukoroma. Jamani, sauti ile niliijua! Mjomba wangu wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, alikuwa na kanda za zamani za rock ya Zambia, gita linanguruma kama lori la kahawa linapanda mlima. Miaka yote nilidhani magita ya hivyo yanatoka Ulaya. Kumbe ni kuku tu.

Baada ya ibada Mwalimu wa Kwaya akanifuata.

"Wewe, spika imepatwa na nini?"

"Imeokoka, Mwalimu."

"Imeokoka?"

"Si umesikia inanena kwa lugha?"

Akacheka bila kutaka, halafu akanifukuza. Na ile spika, akasema niondoke nayo, hataki kuiona. Nikaibeba begani mpaka nyumbani kama nimeshinda kombe.

Kituo cha pili kilikuwa Mlowo, bendi ya harusi. Bosi tulimwita Mkuu, na huyu alinifundisha kazi, sitamnyima haki yake. Alinionyesha kwamba ridhimu ni gita linalopika na solo ni gita linalopakua. Alinionyesha kuvuta uzi: unaukandamiza, unausukuma juu taratibu, sauti inapanda kama mtu anayeuliza swali. Gita alilirekebisha sauti kabla ya kula, kwa sababu, alisema, ukishiba masikio yanalala.

Ila alikuwa na sheria moja. "Gita la harusi liwe kama chai ya maziwa, kijana. Mtu anywe, asahau."

Miaka tisa nikapiga chai ya maziwa. Mchana nilikuwa naenda na spika yangu nyuma ya mashine ya kusaga. Mashine ikiwaka, na mimi nawaka. Wenye unga walidhani injini inakufa. Na kila mwezi nilikuwa namwomba Mkuu kitu kimoja tu: wimbo mmoja, mbele ya watu, kwa spika yangu. Nilitaka kujua kama ile sauti ni muziki au ni wazimu wangu peke yangu. Naye jibu lake lilikuwa hilo hilo: "Siku ikifika."

Ikafika. Tulikuwa Kamsamba, sherehe ya mavuno ya mpunga, saa tisa alasiri, jua linakaanga watu. Mkuu akaniambia, "Wimbo wa mwisho ni wako. Tumia spika yako." Nusura nimbebe. Nikachomeka waya, nikapiga.

Tiii. Chai ya maziwa.

Nikainama kuangalia. Karatasi mpya, safi, imegundishwa vizuri kabisa.

"Zawadi," Mkuu akasema, anatabasamu. "Nimempelekea fundi redio. Ulivyouvumilia ule ubovu!"

"Mkuu, umeniua. Naomba wembe."

"Wembe wa nini? Ukigusa karatasi hiyo kwa mkono wako, kazi huna!"

"Sawa, Mkuu. Kwa mkono sigusi."

Mstari wa mbele kulikuwa na mama mmoja kapakata jogoo. Nikashuka.

"Mama, shikamoo. Naomba uniazime huyo."

"Marahaba. Wa nini, mwanangu?"

"Kuna kazi ya ufundi."

"Huyu? Huyu hata kuwika anachelewa."

"Sijamwitia kuwika, mama."

Nikalaza spika chali, nikamwaga konzi ya mpunga, nikagonga uzi mnene. Mpunga ukacheza. Jogoo akautazama kwa jicho moja, akageuka, akajisaidia jukwaani. Watu wakaangua kicheko. Mkuu akajishika kichwa. Hapo ndipo nikaliona kosa langu: unamtegaje jogoo wa Kamsamba kwa mpunga? Mpunga kauona tangu kifaranga, kaukinai! Nikapapasa mfukoni. Kulikuwa na mahindi ya kukaanga ya Mlowo, nusu konzi. Nikayamwaga yote, nikagonga uzi tena.

Jogoo akageuka mbio. Ta! Ta! Ta!

Sauti ikatoka. Aisee! Ikanguruma mpaka ng'ombe wakainua vichwa. Nikavuta uzi kama Mkuu alivyonifundisha, ukapanda, ukakwaruza, na wazee wakatupa fimbo, wakaingia uwanjani. Yule mama alikuwa anapiga kelele, "Jogoo wangu huyo! Jogoo wangu!" Walinirudishisha wimbo ule ule mara tatu.

"Umefukuzwa!" Mkuu akafoka.

"Sijagusa kwa mkono, Mkuu."

"Basi umeachishwa!"

Nikasogea kwenye maiki. "Nimestaafu," nikasema, uwanja mzima ukalipuka.

Tangu siku ile sina bosi. Napiga Tunduma, nyimbo zangu, spika yangu, na madereva wa Zambia walioko kwenye foleni ya mpakani wananiita kwa heshima ya kwao, "Mukwai, rudia!" Vidole vimeota sugu ngumu kama kucha za jogoo, na nitapiga mpaka viishe. Nyie mnaoanza, kubalini kufundishwa na yeyote, hata mwenye manyoya.

Juzi Mkuu kaja mwenyewe mpaka kwangu, kofia mkononi. Binti yake anaolewa.

"Nije na chai ya maziwa, Mkuu?"

Akaangalia chini. "Hapana. Binti anataka ile ya kukoroma." Akasogea, akaninong'oneza, "Spika nimenunua mpya. Na jogoo yuko bandani, tangu jana sijampa mahindi."