Kompyuta Iliyovishwa Joho

Saa mbili asubuhi cherehani imeshachangamka. Mguu wa mama huyu unakanyaga pedali, mkono wa kushoto unavuta kitambaa chekundu cha maua, na midomo imebana pini. Anashona kifuniko cha friji ya jirani. Ukimwuliza swali, anakujibu kwa nyusi mpaka pini ziishe.

Mtaani wanamwita Mama Vifuniko, na hakuna aliyemsingizia. Sebuleni kwake redio ina nguo, televisheni ina nguo, hata rimoti ina kigauni chake chenye vifungo. Majirani humtania kwamba ukikaa kwake muda bila kutikisika, utaondoka umefunikwa.

Kitu kimoja tu kiko wazi: kompyuta kubwa ya mezani iliyo kando ya cherehani, na spika zake mbili, na vumbi lake. Ajabu ni kwamba ndiyo iliyokuwa ya kwanza kushonewa.

"Ile nguo yake nimeikata mwenyewe kwa mkasi," anasema, pini zikiwa zimekwisha. "Sikutaka kuiona tena."

Aliinunua miaka kumi iliyopita, baada ya kushona sare za shule misimu miwili mfululizo. Muuzaji alimweleza kwamba ni mashine ya familia nzima: inapiga muziki, inaonyesha filamu, inapiga picha, inanasa sauti. Mama Vifuniko alishika jambo moja tu, kwamba ni ghali. Alipofika nyumbani aliipima kwa futi yake na kuishonea joho lenye lastiki chini.

Iliwashwa wageni walipokuja. Walionyeshwa samaki wanaoogelea kwenye kioo, wakashangaa, kisha ikazimwa na kuvishwa. "Mimi nilijua kazi yake ndiyo hiyo, samaki," anasema huku akicheka, na kicheko kinakatika njiani.

Mume wake alikuwa mpiga pasi. Mke akishona, yeye ananyoosha, chumba hiki hiki, huku akiimba. Alikuwa na sauti nene, wateja waliisikia kabla hawajafika mlangoni. Si mara moja wala mbili aliomba ruhusa: "Mama watoto, hiki kidude si kinanasa sauti? Hebu niache nijaribu."

Jibu lilikuwa lile lile. "Utaiharibu. Tusubiri watoto wakue, watufundishe."

Watoto walikua, wakahama. Mume akaugua kifua, na miaka minne iliyopita akafariki. Kompyuta ikabaki ndani ya joho lake, mpya kama siku ilipotoka dukani.

Mwaka huu mwanawe mkubwa alirudi kuishi naye, pamoja na mkewe na binti yao wa miaka mitano. Mtoto huyo alikuwa mchanga babu yake alipozikwa. Siku moja, akiitazama picha ukutani, akauliza: "Bibi, Babu alikuwa anaongeaje?"

"Nikajaribu kumwigiza, nikashindwa," anasimulia Mama Vifuniko. "Ndipo nikashtuka. Mtu kaimba humu ndani miaka yote, na mashine ya kunasa sauti imelala pembeni yake, nimeivisha mimi! Jamani, mimi nina akili kweli?"

Akamwomba mkwe wake, karani wa ofisi moja, amfundishe kila kitu ambacho mashine hiyo inaweza kufanya. Hakusema anachotafuta. Moyoni, anakiri, alikuwa na tumaini kwamba huenda mzee aliwahi kuimba mle kwa kuibia.

Masomo yalifanyika mezani hapa hapa. Alijifunza kwamba akili iko kwenye lile kasha la chini, na kioo ni uso tu. Majina ya matundu ya nyuma aliyakataa. Kila waya akaufunga uzi wa rangi ya tundu lake. "Pinki ni ya kusema, kijani ni ya kusikia. Kwa rangi, mimi hanifundishi mtu."

Siku ya nne mkwe alifungua mahali zinapohifadhiwa sauti, amwonyeshe zake zitakapokaa. Akasita. "Mama, humu mbona kuna moja tayari?"

Mama Vifuniko anamchezea mwandishi wa makala haya sauti hiyo. Kipanya anakishika kwa vidole viwili, kama ashikavyo sindano. Pasi inasikika ikiwekwa chini. Mwanamume anakohoa kidogo. "Haya, mke wangu, leo nataka nikuambie..."

Kutoka mbali inaingia sauti kali ya mwanamke: "Wewe! Umegusa nini hapo? Zima! Utaiharibu!"

Mwanamume anacheka. "Haya, haya, nimezima." Basi, imekwisha.

"Ndiyo hiyo tu niliyo nayo," anasema, macho yakiwa kwenye kitambaa. "Na nusu yake ni mimi nafoka. Alitaka kuniambia nini? Nimewaza mpaka nimechoka. Labda ni mzaha tu, alipenda mizaha. Labda siyo."

Mjukuu naye aliisikiliza siku ile, kisha akauliza: "Bibi, mbona ulimkatiza Babu?"

"Wanasema majuto ni mjukuu," anasema. "Yangu yalikaa mapajani pangu, yakaniuliza swali." Siku hiyo hiyo joho lilikatwa vipande. Sasa anafutia mafuta ya cherehani.

Mpango wake ni kuziimba nyimbo zote za mzee na kuzinasa, moja kila Jumapili, ili mtoto akue nazo. "Sauti yangu ni ya chura, lakini maneno ninayo yote. Na nitamwita mtoto aimbe nami. Akitaka kusema neno katikati, aseme."

Mwandishi anapoaga, mtoto anaingia mbio, vidole vimejaa siagi. Anapanda kiti na kuanza kubofya kibodi yote, herufi kwa herufi, akiimba.

Mama Vifuniko anageuka ghafla. Mdomo unafunguka, neno liko pale pale kwenye ulimi. Kisha anachukua pini mbili, anazibana midomoni, na kuendelea kushona.